Kufunga Dirisha na Kuficha Dirisha: Uhakiki wa Vitufe vya Linux

Utangulizi

Sisi walimu wa Kiswahili tumezoea kulitumia neno uhakiki kwa riwaya, tamthilia na mashairi. Ni desturi njema, lakini imetufanya tusahau kwamba mwanafunzi wetu wa leo husoma maandishi mengine mengi ambayo hakuna aliyemfundisha namna ya kuyasoma. Maandishi hayo yamo kwenye vibao vya maduka, kwenye pakiti za dawa, kwenye simu, na kwenye kioo cha kompyuta. Aghalabu ni mafupi mno: neno moja, au alama tupu isiyo na neno. Hata hivyo humwamuru mtu afanye jambo, na mtu akiyaelewa vibaya hupata hasara.

Katika makala haya tunakusudia kuhakiki maandishi ya aina hiyo. Tumechagua vitufe vidogo vinavyokaa juu ya kila dirisha la kompyuta inayotumia mfumo wa Linux. Tutaangalia jinsi vitufe hivyo vilivyopangwa, jinsi mwenye kompyuta anavyoweza kuvipanga upya apendavyo, na maneno ya Kiswahili tunayovipa darasani. Hoja yetu kwa ufupi ni hii: mfumo huu umempa mtumiaji uhuru mkubwa wa kuvihamisha vitufe, lakini uhuru huo haumfai mtu asiyejua kitufe kipi hufanya nini, na sisi walimu, kwa kutafsiri sauti ya neno badala ya kazi ya kitufe, tumechangia kumnyima maarifa hayo.

Huenda msomaji akauliza, je, hili ni jambo la kushughulisha walimu wa lugha hapa Juba? Tunaamini ndivyo. Katika darasa moja la watu wazima mjini hapa utamkuta mtu aliyeanza shule kwa Kiarabu huko Khartoum, mwingine aliyesoma Kampala, na mwingine aliyekulia katika kambi ya Kakuma, nchini Kenya. Katiba ya mwaka 2011 imekifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi ya kazi. Kiarabu cha Juba ndicho kinachosikika sokoni Konyo Konyo. Kiswahili kimerudi pamoja na waliorudi, na kimepata nguvu zaidi tangu nchi yetu ilipoingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016. Neno la Kiswahili linalowekwa mbele ya darasa kama hili hupimwa na lugha tatu kwa wakati mmoja. Likiwa halieleweki vizuri, udhaifu wake huonekana hapa mapema kuliko Zanzibar au Dar es Salaam.

Kazi inayohakikiwa

Ni vyema tuieleze kwanza kazi yenyewe, ili msomaji asiyeifahamu aweze kufuatana nasi. Linux ni kiini cha mfumo wa kompyuta kilichoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi huko Helsinki, Ufini. Kiini hicho hakina sura. Sura hutiwa na programu nyingine zinazoitwa maeneokazi, yaani zile zinazochora madirisha, menyu na picha ambazo mtumiaji huziona na kuzigusa kwa kipanya. Maeneokazi ni mengi. Yaliyo mashuhuri ni KDE, lililoanzishwa mwaka 1996, GNOME, lililoanzishwa mwaka 1997, na Xfce, ambalo hupendwa kwenye kompyuta kuukuu kwa kuwa halihitaji nguvu nyingi. Mfumo huu haulipiwi, na ndiyo sababu mojawapo inayoufanya ufae shule zenye mashine zilizokwisha kutumiwa kwingine.

Programu ikifunguliwa, hukaa ndani ya mraba unaoitwa dirisha. Ukingo wa juu wa mraba huo ni upau wa kichwa, kwa sababu ndipo jina la dirisha linapoandikwa. Kwenye upau huo hukaa vitufe. Kwa kawaida ni vitatu. Cha kwanza kina alama ya kistari, nacho huliondoa dirisha machoni bila kuisimamisha kazi iliyomo. Cha pili kina alama ya mraba, nacho hulieneza dirisha likajaza kioo kizima. Cha tatu kina alama ya X, nacho hukomesha dirisha lenyewe.

Fani: mpangilio wa vitufe

Tukianza na fani, jambo la kwanza linalompendeza mhakiki ni kwamba mpangilio wa vitufe katika Linux si amri isiyobadilika. Katika mfumo wa Windows tangu mwaka 1995 vitufe vitatu hukaa kulia, na X iko mwisho kabisa. Mipangilio yake ya kawaida haina mahali pa kuvihamishia. Katika kompyuta za Macintosh vitufe hivyo hukaa kushoto, navyo pia havihamishiki. Katika Linux mtumiaji huweza kuvipeleka kushoto au kulia, kuvipunguza, kuviongeza, na kubadilisha mfuatano wake.

Njia za kufanya hivyo hutofautiana. Katika KDE mtu hufungua mipangilio ya mfumo, akaenda kwenye sehemu ya mapambo ya madirisha, akaonyeshwa mchoro wa upau. Hapo huvikokota vitufe kwa kipanya na kuviweka apendapo, kama mtu anayepanga vikombe kwenye kabati. Xfce nalo lina mchoro wa namna hiyo hiyo katika mipangilio ya madirisha. Katika GNOME jambo ni gumu kidogo. Mipangilio ya kawaida haina sehemu ya vitufe. Sharti mtu aweke programu nyingine iitwayo GNOME Tweaks, au aandike amri kwenye terminali. Amri yenyewe ni hii:

gsettings set org.gnome.desktop.wm.preferences button-layout 'appmenu:minimize,maximize,close'

Tumeinukuu kamili kwa sababu mwalimu wa lugha akiitazama ataona kwamba sehemu ile iliyo ndani ya alama za mtajo ni sentensi yenye sarufi. Nukta mbili zinasimama mahali pa jina la dirisha. Lolote lililoandikwa kabla yake litakaa upande wa kushoto, na lolote lililoandikwa baada yake litakaa upande wa kulia. Mkato hutenganisha kitufe na kitufe. Neno lisipoandikwa, kitufe chake hakitokei. Basi mtu akiandika 'close,minimize,maximize:' vitufe vyote vitahamia kushoto, na X itakuwa ya kwanza. Akitaka kurudi mahali alipoanzia, huandika neno reset badala ya set, akaliacha jina la mpangilio bila kuongeza chochote mbele yake.

Sarufi hii ni fupi na haina utata. Tumeona wanafunzi walioshindwa kueleza kazi ya nukta mbili katika sentensi ya Kiswahili wakiielewa hapa mara moja, maana matokeo yanaonekana papo hapo. Huo ni ubora wa kazi hii ambao hatuna budi kuukiri.

Hata hivyo fani hii ina ila yake. Maneno yanayotumika ndani ya amri ni ya Kiingereza, na hayatafsiriki, kwa kuwa mashine haiyatambui mengine. Aliyesoma Kiingereza huyasoma kama maneno. Asiyekisoma huyanakili kama michoro. Katika KDE na Xfce, mchoro wa kukokota huondoa kikwazo hicho, kwani mtu huona kitufe chenyewe akakishika. Kwa hiyo, kwa upande wa fani tu, tunahukumu kwamba mabingwa wa KDE na Xfce wamemfikiria mwanafunzi kuliko wale wa GNOME, ingawa sentensi ya GNOME ni nadhifu zaidi.

Mabishano mawili

Kuna matukio mawili katika historia ya vitufe hivi ambayo humsaidia mhakiki kuyaona maudhui yake.

La kwanza lilitokea mwaka 2010. Mfumo uitwao Ubuntu, ambao ni aina mojawapo ya Linux, ulitoa toleo la 10.04 mwezi Aprili mwaka huo, na katika toleo hilo vitufe vilihamishwa kutoka kulia kwenda kushoto. Watumiaji wengi walilalamika. Mwanzilishi wa mfumo huo, Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, alijibu kwamba maoni yanakaribishwa lakini maamuzi ya usanifu hayapigiwi kura. Msomaji wa Kiswahili hawezi kukosa kuona kinaya kilichomo, kwa maana ubuntu ni neno la lugha za Kinguni lililo ndugu wa neno letu utu. Vitufe vilikaa kushoto kwa miaka 7, hadi toleo la 17.10 la Oktoba 2017 lilipovirudisha kulia.

La pili lilitokea mwaka 2011. Mwezi Aprili mwaka huo, miezi mitatu kabla ya nchi yetu kupata uhuru, GNOME lilitoa toleo lake la 3.0, na katika toleo hilo vitufe viwili kati ya vitatu viliondolewa kabisa. Kilichobaki ni X peke yake. Watengenezaji walikuwa na hoja. Walisema, kwa ufupi, kwamba eneokazi jipya halina tena upau wa kazi ambako dirisha lililofichwa lingeshukia. Kwa hiyo kitufe cha kulificha hakina maana. Mtu akitaka dirisha jingine, na afungue mwonekano wa jumla unaoonyesha madirisha yote kwa pamoja. Akitaka kulieneza, na abofye upau wa kichwa mara mbili au alikokotee ukingo wa juu wa kioo. Hadi leo GNOME halisi huja na X pekee, ingawa Ubuntu, linalotumia GNOME, huvirudisha vitatu vyote.

Maudhui: uhuru na kikomo chake

Matukio haya mawili yanatufundisha nini? Kwanza, yanatuonyesha kwamba mahali pa kitufe si jambo dogo kwa anayekitumia kila siku. Mkono una kumbukumbu yake. Karani aliyeandika barua kwa miaka mitano akiwa na X upande wa kulia huupeleka mkono huko kabla macho hayajatazama. Ukimhamishia X bila kumwambia, umemnyang'anya ujuzi aliokwisha kuupata.

Pili, yanatuonyesha tofauti kati ya kuamua na kulazimisha. Bwana Shuttleworth hakupiga kura, lakini hakuufunga mlango pia; katika toleo lile amri ya mstari mmoja ilitosha kumrudishia vitufe vyake yeyote aliyetaka. GNOME nalo liliviondoa vitufe katika mpangilio wa mwanzo, lakini halikuvifuta katika sarufi yake. Kwa hali hiyo twaweza kusema kwamba uhuru ulibaki.

Lakini je, uhuru usioonekana ni uhuru kamili? Hapa ndipo tunapotofautiana na wanaousifu mfumo huu bila kiasi. Mwanafunzi wa Juba anayeketi mbele ya GNOME kwa mara ya kwanza huona X peke yake. Hajui kwamba kuna mwonekano wa jumla. Hajui kwamba kubofya mara mbili kuna maana. Hajui kwamba vitufe vingine vipo na vimefichwa. Kwake yeye dirisha lina tendo moja tu, nalo ni kukomesha. Anapotaka kutazama kilicho nyuma ya barua anayoiandika, hubonyeza kile kitufe pekee anachokiona. Programu nyingi humwuliza kwanza kama kazi yake ihifadhiwe, lakini swali hilo humjia kwa Kiingereza, naye akiwa na haraka hujibu lolote ili kisanduku kimwondokee. Barua imekwenda.

Mwalimu yeyote ajua kwamba haifai kumwondolea mwanafunzi neno alilolizoea kabla ya kumpa jingine la kushika nafasi yake. GNOME liliondoa neno kwanza. Tunakiri kwamba kitufe kimoja humpunguzia anayeanza utatanishi, na kwamba aliyeuzoea mwonekano wa jumla hahitaji tena kuficha dirisha lolote. Hata hivyo, kwa darasa ambalo halina mtu wa kuwaeleza hayo, uamuzi ule haukufaa, na kuuficha uwezo wa kuubadilisha ndani ya programu nyingine kuliongeza ubaya wake.

Jambo la tatu linatuhusu sisi wa Juba hasa. Mtu akiichagua lugha ya Kiarabu katika mfumo, upau wa kichwa hupinduliwa kama katika kioo: jina na vitufe hubadilishana pande, na X huja kushoto, kwa kuwa Kiarabu huandikwa kutoka kulia. Basi mzee aliyejifunza kompyuta kwa Kiarabu na kijana aliyejifunza kwa Kiingereza huweza kukaa kwenye benchi moja, kila mmoja akiutafuta mlango wa kutokea upande wake, na wote wawili wakawa sahihi. Katika mifumo mingine mmoja wao hulazimika kujifunza upya, labda aibadilishe lugha nzima. Katika Linux kila mmoja huweza kukaa na mkono wake. Huu ndio uzito wa uhuru tunaouzungumzia, na kwa upande huu tunausifu bila kusita.

Msamiati: tunavyoviita vitufe

Sasa tugeukie lililo letu. Si haki kuwalaumu watengenezaji wa Ulaya na Marekani kwa utatanishi ambao nusu yake tumeuleta wenyewe.

Tuanze na kitufe cha kistari. Madarasani tumesikia kikiitwa punguza. Neno hili limetafsiriwa kutokana na neno la Kiingereza lenye maana ya kufanya kitu kiwe kidogo kabisa. Neno hilo lilikuwa na ukweli wake zamani. Katika mifumo ya mwanzo, kama vile Windows 3.0 ya mwaka 1990, dirisha likibonyezwa liligeuka picha ndogo iliyokaa chini ya kioo; kwa hakika lilikuwa limepungua. Siku hizi halipungui. Hutoweka, likangojea kuitwa. Neno la Kiingereza limebaki kama jina la mtaa uliobakia na jina la mti uliokwisha kukatwa. Sisi tumelitafsiri jina hilo, tukawaambia wanafunzi wautafute mti.

Inafaa kutambua kwamba watengenezaji wenyewe wamekwisha kuliona hilo. Katika faili la mipangilio la Xfce vitufe huwakilishwa kwa herufi, na kitufe cha kistari huandikwa H, herufi ya kwanza ya neno la Kiingereza lenye maana ya kuficha. Katika GNOME njia ya kibodi ya kufanya tendo hilo ni kubonyeza Super pamoja na H, nayo kwenye orodha ya njia za kibodi imeandikwa kwa neno hilo hilo la kuficha. Ikiwa wenye lugha wameanza kusema ficha, sisi tunang'ang'ania punguza kwa sababu gani? Ficha ni neno fupi, linajulikana na kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, na linasema kweli: kitu kilichofichwa bado kipo.

Kitufe cha mraba huitwa kuza na wengi. Hapa pia kuna kosa, ingawa si kubwa. Mwanafunzi akiambiwa akuze, hutarajia maandishi yawe makubwa, hasa akiwa na macho dhaifu. Akibonyeza, huona dirisha limeenea lakini herufi ni zile zile. Kukuza maandishi ni tendo jingine kabisa katika kompyuta, nalo linahitaji neno lake. Dirisha halikui, bali linapanuka. Kwa hiyo panua ni neno bora. Wapo watakaopendelea tandaza, kwa mfano wa mkeka uliotandazwa ukajaza chumba, nasi hatuna ugomvi nao, lakini panua limekwisha kuenea na linatosha.

Maadamu tumeutaja mkeka, na tuseme pia kwamba KDE na Xfce yana kitufe kingine ambacho hulisokota dirisha lote likabaki upau wa kichwa tu. Kitufe hicho kinastahili neno kunja, kwa kuwa ndivyo mkeka unavyofanywa. Wapo wanaolitumia kunja kwa kitufe cha kistari. Tunawashauri waliweke akiba kwa kazi hii inayolistahili zaidi.

Sasa tufike kwenye neno gumu, nalo ni funga. Kila mtu huita kitufe cha X kwa neno hili, na karibu kila mwalimu hulieleza kwa dirisha la nyumba. Hebu tulipime. Mtu akifunga dirisha la nyumba, dirisha halitoki ukutani. Chumba kipo, taa inawaka, mama anaendelea kupika. Kilichobadilika ni kwamba aliye nje haoni ndani. Hiyo ni kazi ya kitufe cha kistari, si ya X! Anayebonyeza X halifungi dirisha kwa maana hiyo, bali huling'oa pamoja na chumba chake. Kwa hiyo mfano wa nyumba, ambao tunautumia ili kurahisisha, hufundisha kinyume cha ukweli.

Hapa Juba kosa hili hupata nguvu zaidi. Katika Kiarabu cha Juba mtu hufunga mlango kwa neno gofulu, ambalo lina mzizi mmoja na kufuli yetu. Anayelisikia neno funga kwa sikio hilo huelewa kwamba kitu kimetiwa kufuli, yaani kiko salama ndani. Tumeona watu wazima wakibonyeza X kwa utulivu kabisa, wakiamini wameiwekea kazi yao ulinzi. Kinyume chake pia hutokea: anayebonyeza kistari huamini kwamba amemaliza, akafungua programu nyingine na nyingine, hadi mashine kuukuu ikaelemewa na madirisha kumi yaliyojificha.

Je, tuliache neno funga? Tumelifikiria neno ondoa, lakini tumeona kwamba tayari linatumika kwa kuitoa programu yenyewe katika kompyuta, na mwanafunzi akiogopa kwamba ataipoteza programu hatabonyeza kamwe. Neno maliza nalo lina mvuto, ila halisemi ni nini kilichomalizwa. Kwa maoni yetu funga libaki, lakini mfano ubadilike. Kiswahili kina kufunga kwa namna nyingine: tunafunga duka, tunafunga shule, tunafunga mkutano. Mwenye duka akifunga jioni huingiza bidhaa ndani, huhesabu fedha, huzima taa, na wateja huondoka. Asiyeingiza bidhaa kabla ya kufunga huzikosa asubuhi. Mfano huu unafundisha yote mawili kwa pamoja: kwamba shughuli inakoma, na kwamba kuhifadhi hutangulia kufunga. Tatizo halikuwa neno, ila nyumba tuliyolipeleka.

Mapendekezo

Kutokana na uhakiki huu tunapendekeza mambo manne kwa walimu wenzetu.

Kwanza, katika chumba kimoja cha kompyuta mashine zote ziwe na mpangilio mmoja wa vitufe wakati wa kufundisha, na vitufe vyote vitatu vionekane. Anayetumia GNOME aweke mpangilio wenye vitufe vitatu kabla wanafunzi hawajaingia. Haifai mtu anayeanza akutane na X peke yake.

Pili, baada ya wanafunzi kuvielewa, wafundishwe kuvihamisha na kuvirudisha. Somo hili lichukue kipindi kimoja. Kila mwanafunzi apeleke vitufe kushoto, avirudishe kulia, aondoe kimoja, akirejeshe. Hapo atajua kwamba mashine ni yake kuipanga, na hatashtuka atakapoikuta imepangwa vingine ofisini.

Tatu, tutumie ficha, panua na funga kwa vitufe vitatu, na kunja kwa kile cha kusokota. Funga lielezwe kwa mfano wa duka. Anayefundisha watu waliozoea Kiarabu cha Juba aitaje gofulu waziwazi na aonyeshe tofauti, badala ya kuiacha ijifiche akilini mwa mwanafunzi.

Nne, tushiriki katika kutafsiri. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa programu ya ofisi kwa Kiswahili iliyoitwa Jambo OpenOffice. Kazi ile ilithibitisha kwamba lugha yetu haikosi uwezo. Lakini katika maeneokazi tuliyoyataja, mtu akichagua Kiswahili bado hukutana na Kiingereza kila pembe. Tafsiri za mifumo hii hufanywa na watu wanaojitolea. Yeyote mwenye maarifa na subira huweza kuchangia. Walimu wa sarufi na msamiati wakikaa nje ya kazi hii, maneno yatachaguliwa na wengine, na sisi tutabaki kuyaeleza hata yasipoelezeka.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba vitufe vya upau wa kichwa ni maandishi yenye fani na maudhui, na kwamba vinastahili kuhakikiwa kama maandishi mengine. Fani yake katika Linux ina ubora wa kumwachia mtumiaji mpangilio. Maudhui yake yana ila ya kumficha mtumiaji huyo huyo kwamba ameachiwa. Msamiati wetu wa Kiswahili, ambao ungeweza kuiziba ila hiyo, umekuwa ukiiongeza.

Hatudai kwamba maneno tuliyoyapendekeza ndiyo ya mwisho. Walimu walioko Mombasa, Bujumbura, Goma au Kampala huenda wana maneno yaliyokwisha kujaribiwa darasani yakafaa kuliko haya. Tunawaomba wayalete katika kurasa hizi pamoja na maelezo ya jinsi wanafunzi walivyoyapokea, yaani walibonyeza nini baada ya kuyasikia, na kazi yao ilisalimika au ilipotea.